Maswali ya Wasomaji: Kidhibiti Kimesasishwa, Vifaa Vimegoma

Barua za toleo hili karibu zote zina mtiririko mmoja. Kidhibiti cha nyumba, yaani kifaa kinachoamuru taa, swichi na vihisi, kilisasishwa, kifaa fulani kikaacha kuitika, mwenye nyumba akakirudisha katika hali ya kiwandani, na tatizo moja likazaa matatu. Kabla ya majibu tunaomba jambo moja: kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani kunafuta kiungo chake na kidhibiti pamoja na ushahidi wa kilichoharibika. Iwe hatua ya mwisho. Kwanza jua kama kilichokatika ni redio, kiungo au programu dhibiti yenyewe (programu iliyo ndani ya kifaa), maana kila kimoja kina tiba yake.

SWALI: Ndugu wataalamu, salaam. Kidhibiti changu ni kompyuta ndogo yenye kijiti cha USB cha Zigbee, redio inayounganisha vifaa vya nyumbani bila waya. Nilisasisha programu, na siku hiyohiyo nikaongeza diski ya nje, nikahamishia kijiti kwenye tundu la pembeni yake. Sasa vihisi vya milango na vya mwendo vinapotea kwa saa kadhaa kisha vinarudi vyenyewe. Taa na plagi hazina shida. Nirudi toleo la zamani?

JIBU: Usirudi bado. Ulibadilisha mambo mawili siku moja, na dalili zinaelekeza kwenye diski, si kwenye toleo. Hitilafu ya programu kwa kawaida huchagua modeli: vihisi vyote vya modeli moja vinagoma na vya modeli nyingine vinaendelea. Kwako vilivyogoma ni vifaa vya betri, vya kila aina. Vifaa hivi hutuma ujumbe kwa nguvu ndogo kisha hulala, kwa hiyo ndivyo vya kwanza kuumia redio ikipata kelele. Taa na plagi zina umeme wa ukutani, husikiliza muda wote na husaidiana kupokezana ujumbe.

Kelele hiyo inatoka kwenye USB 3.0. Tundu lake, waya wake na diski iliyochomekwa hapo hutoa mwingiliano ndani ya bendi ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo bendi ya Zigbee. Kijiti kikiwa sentimita chache kutoka kwenye diski, kinaweza kutuma vizuri lakini kikashindwa kusikia sauti dhaifu. Tafuta waya wa kurefusha wa USB 2.0 wenye urefu wa mita 1 hadi 2, uchomeke kwenye tundu la USB 2.0 (mara nyingi plastiki ya ndani ni nyeusi, ilhali ya 3.0 ni ya buluu), kisha weka kijiti mbali na diski, ruta na kabati la chuma. Kwa maoni yetu waya huo ulipaswa kuuzwa pamoja na kila kijiti.

Ukimaliza hapo, tazama chaneli. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26. Wi-Fi ikiwa kwenye chaneli 1 inafunika 11 hadi 14 za Zigbee. Ikiwa kwenye 6 inafunika 16 hadi 19. Ikiwa kwenye 11 inafunika 21 hadi 24. Zenye nafasi ni 15, 20, 25 na 26, ila hiyo 26 iepuke kwa sababu baadhi ya vifaa huitumia kwa nguvu iliyopunguzwa au havijiungi nayo kabisa. Chaneli zikigongana, hamisha Wi-Fi badala ya Zigbee. Simu na kompyuta zitaifuata Wi-Fi bila kuambiwa, lakini ukihamisha Zigbee, vihisi vilivyolala huenda visisikie tangazo na utalazimika kuvioanisha (kuviunganisha upya na kidhibiti) kimoja kimoja. Zima pia ile hali ya ruta kujichagulia chaneli. Leo iko 1, kesho 11, nawe unatafuta kosa lisilokaa mahali pamoja.

Kuna sababu nyingine inayofanana sana na hii. Kihisi cha betri hujishikiza kwa kifaa kimoja kinachokipokelea ujumbe, na vingine hukataa kubadilisha hata kifaa hicho kikizimwa. Kama kihisi cha mlango kimejishikiza kwa balbu, na mtu akaizima balbu hiyo kwa swichi ya ukutani, kihisi kimekatwa. Fungua ramani ya mtandao kwenye kidhibiti uone kila kihisi kimejishikiza wapi. Balbu zote zinazopokezana ujumbe ziwe na umeme muda wote, au weka plagi mbili tatu za Zigbee zisizozimwa katikati ya nyumba.

Baada ya kuhamisha kijiti, uache mtandao utulie siku nzima. Kihisi ambacho bado hakijarudi, kioanishe tena bila kukifuta kwanza kwenye kidhibiti. Kila kifaa cha Zigbee kina anwani ya biti 64 isiyobadilika, na programu nyingi za kidhibiti hukitambua kwa anwani hiyo na kukirudishia jina na ratiba zake. Wakati kidhibiti kinakihoji, yaani kinakiuliza ni kifaa gani na kinaweza nini, bonyeza kitufe cha kihisi kila baada ya sekunde mbili tatu ili kisilale katikati ya mahojiano. Kihisi kilicholala mapema huonekana kwenye orodha kikiwa na jina tu, hakina joto wala hali ya mlango, na wengi hudhani kimeharibika.

Kwa wasomaji ambao kidhibiti hakikioni kijiti kabisa baada ya kubadilisha tundu: kwenye Linux jina /dev/ttyUSB0 linaweza kugeuka ttyUSB1. Katika mipangilio andika njia inayoanza na /dev/serial/by-id/, ambayo haitegemei tundu.

SWALI: Nina swichi na taa za kampuni ya Insteon, zinazowasiliana zenyewe kwa zenyewe. Swichi ya ukumbini inawasha taa ya ngazi vizuri, lakini kidhibiti kinaendelea kuonyesha taa hiyo imezimwa. Swichi ya chumbani nayo hukawia na kumetameta kila nikiibonyeza, ingawa taa yake inawaka. Ilianza baada ya kubadilisha swichi moja mbovu. Je, nisasishe programu dhibiti ya kidhibiti?

JIBU: Kusasisha hakutagusa tatizo hili, kwa sababu liko ndani ya swichi zako. Katika Insteon kiungo si kitu kimoja. Ni rekodi mbili: moja katika kifaa kinachoamuru, nyingine katika kifaa kinachotii, na kila kifaa huhifadhi jedwali lake chenyewe. Ndiyo maana seva za kampuni hiyo ziliponyamaza Aprili 2022, kabla ya kundi la watumiaji kuinunua Juni mwaka huohuo, swichi zilizounganishwa moja kwa moja ziliendelea kuwasha taa bila intaneti.

Swichi ya chumbani ina nusu kiungo. Ulipoondoa swichi mbovu, anwani yake ilibaki kwenye jedwali la swichi za jirani. Sasa swichi ya chumbani ikibonyezwa hutuma amri kwa taa iliyopo, kisha humtafuta yule aliyeondoka, hurudia, hukosa jibu, na taa yake ya ishara inametameta kukujulisha. Ufumbuzi ni kufuta rekodi hiyo. Kidhibiti kizuri kina kazi ya kubadilisha kifaa: unakipa anwani ya zamani na mpya, nacho kinaandika upya majedwali yote yanayohusika. Kama hukuitumia wakati ule, agiza kidhibiti kisome jedwali la swichi, ulinganishe na kile kinachodhani kimo, kisha utumie amri ya kurejesha kifaa ili kiandike jedwali sahihi juu ya lile bovu.

Taa ya ngazi ni suala jingine. Kidhibiti hakiulizi kila taa kila mara. Kinasikia swichi ya ukumbini ikitangaza kuwa imebonyezwa, kisha kinakisia hali ya taa kwa kuwa kinajua mandhari inayoziunganisha, yaani kundi la swichi na taa zinazotenda pamoja. Ukiunganisha swichi na taa kwa mkono, yaani kushikilia kitufe cha kuseti sekunde 3 kwenye inayoamuru kisha sekunde 3 kwenye inayotii, kiungo kinafanya kazi lakini kidhibiti hakina habari nacho. Futa kiungo hicho cha mkono, kisha utengeneze mandhari ileile ndani ya kidhibiti. Hakikisha pia swichi yenyewe ina rekodi ya kuiarifu modemu (kifaa kinachounganisha kidhibiti na swichi za Insteon, si ile ya intaneti), la sivyo kidhibiti hakitasikia chochote ikibonyezwa. Tunasisitiza hili kwa sababu mafundi wengi huchanganya njia mbili katika nyumba moja: chagua moja, na kama una kidhibiti, viungo vyote vitoke kwake.

Rekodi zikikataa kuandikwa, angalia modemu ilikochomekwa. Insteon hupitisha ujumbe kwenye nyaya za umeme pamoja na redio, na vizuia mawimbi ya umeme pamoja na UPS humeza ishara hiyo. Modemu ichomekwe moja kwa moja ukutani. Na kama ni modemu ya 2413S ya miaka mingi inayopotea na kurudi, shuku kapasita zake za upande wa umeme. Zimejulikana kuchoka kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Nimenunua kitasa kilichotumika cha Z-Wave (redio ya vifaa vya nyumbani, kama Zigbee), na ndugu yangu ameniletea swichi ya Z-Wave kutoka Marekani. Kidhibiti changu ni cha Ulaya. Vyote viwili vinakataa kuunganishwa.

JIBU: Swichi hiyo irudishe. Z-Wave ya Marekani hutumia 908.42 MHz, ya Ulaya 868.42 MHz, na sasisho halitavisikilizanisha kwa kuwa tofauti iko kwenye redio yenyewe. Zaidi ya hayo swichi iliyotengenezwa kwa volti 120 huenda ikaungua kwenye 230. Usiijaribu.

Kitasa, kama ni cha masafa ya Ulaya, bado kinaamini ni mali ya kidhibiti cha mwenyewe wa kwanza. Kifaa cha Z-Wave hakijiungi na mtandao mpya kabla ya kutolewa kwenye wa zamani. Habari njema ni kwamba kidhibiti chochote kinaweza kukitoa. Anzisha hali ya kutoa kwenye kidhibiti chako, fanya utaratibu wa kitasa ulioandikwa kwenye kijitabu chake, subiri ujumbe wa kuthibitisha, kisha ndipo uanzishe hali ya kuongeza. Fanya haya kitasa kikiwa ndani ya mita 1 kutoka kwenye kidhibiti, kabla hakijafungwa mlangoni, kikiwa na betri mpya za alikali. Betri za kuchaji za NiMH hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kitasa kinaweza kuzisoma kama betri zinazokaribia kuisha hata kama umetoka kuzichaji.

Ukaribu una sababu yake. Vitasa hubadilishana funguo za usalama wakati wa kujiunga, na mazungumzo hayo yakikatika katikati, kitasa hujiunga bila usalama: kinaonekana kwenye orodha, kinaonyesha betri, lakini kinakataa kufunga na kufungua. Kikifanya hivyo kitoe, ukiongeze upya. Kama kinatumia usalama wa S2, kidhibiti kitakuomba tarakimu 5 za kwanza za msimbo wa DSK ulio kwenye kibandiko. Upige picha kibandiko hicho kabla hakijafichwa na mlango.

Majaribio yaliyoshindikana huacha vifaa hewa kwenye orodha, visivyo na jina wala modeli. Usiviache. Kidhibiti huendelea kuvitafuta na hata kupanga njia za kupitia kwao, na mtandao mzima unakuwa mzito. Kata umeme au toa betri za kifaa halisi, kisha uvifute kwa amri ya kuondoa kifaa kilichokufa. Amri hiyo hukubali pale tu kidhibiti kinaposhindwa kukifikia kifaa.

SWALI: Soketi yangu ina chipu ya ESP8266 na programu ya Tasmota. Nikipakia faili jipya inasema hakuna nafasi. Nyingine ilizimika katikati ya kusasishwa na sasa haiwaki hata taa ya ishara.

JIBU: Soketi nyingi za aina hiyo zina kumbukumbu ya MB 1 tu, na wakati wa kusasisha programu inayofanya kazi na ile inayoingia lazima zikae humo pamoja. Kwa hiyo kwanza pakia tasmota-minimal.bin, usubiri iwake upya, kisha upakie faili kamili. Hiyo ndogo imenyofolewa karibu kila kitu, hivyo usishtuke ukiona vitufe vimepungua, wala usibadilishe mpangilio wowote ukiwa ndani yake. Na kama toleo lako ni la zamani sana usiruke: pita 6.7.1, 7.2.0, 8.5.1, 9.1.0, ndipo uende la sasa. Namna mipangilio inavyohifadhiwa imebadilika njiani, na kila kituo hubadilisha ya kabla yake. Pakua nakala ya mipangilio kwenye kila kituo.

Kwa soketi iliyozimika, onyo linatangulia. Katika soketi nyingi saketi ya ndani haijatengwa na umeme wa ukutani. Ukiichomeka ukutani huku imeungwa kwenye kompyuta unaweza kupoteza kompyuta na hata uhai. Ichomoe, uifungue, na umeme wake utoke kwenye adapta ya USB ya UART pekee (kifaa kinachounganisha kompyuta na pini za chipu), ikiwa imewekwa volti 3.3. Volti 5 zitaua chipu.

Unga GND (ardhi) kwa GND, 3.3 V kwa 3.3 V, TX (kutuma) ya adapta kwa RX (kupokea) ya soketi na RX kwa TX. Gusanisha pini ya GPIO0 na GND wakati wa kuipa umeme. Bila hivyo chipu haiingii katika hali ya kuandikwa. Kisha kwa esptool, programu ya kompyuta ya kuandika chipu hiyo:

read_flash 0x00000 0x100000 asili.bin
erase_flash
write_flash -fs 1MB -fm dout 0x0 tasmota.bin

Kati ya amri moja na nyingine kata umeme na urudie kugusanisha GPIO0. Amri ya kwanza ni nakala ya kilichomo, usiiruke. Ikikwama kwenye kuunganisha, karibu kila mara ni TX na RX zilizokosewa, au adapta isiyotoa mkondo wa kutosha.

Ikiwa soketi inawaka lakini haipatikani kwenye Wi-Fi, huna haja ya kuifungua. Izime na kuiwasha mara 6, kila mara iwe na umeme chini ya sekunde 10, na mara ya 7 uiache. Mipangilio itafutwa na soketi itafungua mtandao wake yenyewe. Kumbuka ESP8266 haina redio ya 5 GHz.

SWALI: Balbu ya Matter (kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumbani) ilijiunga na kidhibiti cha kwanza. Cha pili kinakataa msimbo uleule wa tarakimu 11.

JIBU: Balbu iko sawa. Ikishajiunga hufunga mlango, na msimbo wa kwenye kibandiko haufanyi kazi tena. Nenda kwenye kidhibiti cha kwanza, tafuta sehemu ya kushiriki kifaa, nacho kitatoa msimbo mpya. Utumie mara moja, kwa sababu dirisha hilo halizidi dakika 15. Simu iwe kwenye mtandao uleule wa nyumbani na si ule wa wageni, na ruta isizuie IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao). Wengi huzima IPv6 wakidhani ni usalama. Matter haiendi bila hiyo.

SWALI: Kidhibiti kinakataa kupakua sasisho, kinalalamika kuhusu cheti. Intaneti ipo.

JIBU: Tazama saa yake. Vidhibiti vingi havina betri ya saa, na vikizimika muda mrefu huamka na tarehe ya zamani, hivyo cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika. Ruhusu NTP (huduma ya kuweka saa kupitia mtandao), mlango 123 wa UDP, kwenye ruta, au uiseti tarehe kwa mkono, kisha ujaribu tena.

SWALI: Sasisho la kihisi cha mwendo cha Zigbee limekaa asilimia 4 tangu asubuhi. Nichomoe betri?

JIBU: Usichomoe. Faili husafirishwa kwa vipande vidogo, na kihisi ndicho kinachoomba kila kipande. Faili la KB 256 likigawanywa kwa baiti 64 ni vipande 4,096. Hata kwa kipande kimoja kila sekunde ni zaidi ya saa moja, na kihisi kinacholala huomba polepole zaidi. Kiamshe kwa kupita mbele yake au kubonyeza kitufe, utazame kama asilimia inasogea. Haisogei? Kisogeze karibu na plagi inayopokezana ujumbe na uweke betri mpya kabla ya kuanza upya, maana kutuma mfululizo hushusha volti za betri ndogo hata ikisomeka nusu. Kwa kawaida faili jipya huhifadhiwa pembeni na kukaguliwa kabla ya kuchukua nafasi ya lile la zamani, hivyo sasisho lililokatika katikati huacha kihisi na toleo lake la awali. Sasisha kimoja kwa wakati, na usianze cha pili hadi cha kwanza kimeonyesha namba mpya ya toleo na kimetuma taarifa ya mwendo walau mara moja.